Mtoto Mbele ya Hakimu

Watu wengi hudhani kwamba kumhukumu kijana katika mahakama ya watu wazima ni ukali, na kumhukumu katika mahakama ya watoto ni huruma. Historia ya Marekani yatuonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo.

Sheria ya kale ya Uingereza, ambayo Wamarekani waliirithi, ilisema kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hawezi kuhukumiwa kwa uhalifu. Lakini aliyetimiza miaka 14 alihesabiwa sawa na mtu mzima. Akifungwa, aliweza kulala gerezani pamoja na wezi wakubwa, akajifunza kwao uovu asioujua. Baadhi ya wakazi wa Chicago, miongoni mwao Julia Lathrop na Lucy Flower, walichukizwa na hali hiyo. Kwa juhudi zao, mwaka 1899 mji huo ulipata mahakama ya watoto, ya kwanza katika nchi ile. Hakimu alitakiwa awe kama mzazi: asiulize tu mtoto ametenda nini, bali pia amefikaje hapo, na asaidiweje. Udongo uwahi ungali maji.

Nia ilikuwa njema. Lakini hata mzazi aweza kudhulumu ikiwa hapana wa kumwuliza. Mwaka 1964, katika jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15 alishtakiwa kwamba amempigia jirani simu ya maneno machafu. Jirani hakufika mahakamani, wala kijana hakuwa na wakili. Hata hivyo hakimu aliamuru apelekwe katika shule ya wakosaji, na aweza kukaa huko mpaka atimize miaka 21. Lau angalikuwa mtu mzima, adhabu yake isingalizidi faini ya dola 50 au kifungo cha miezi 2. Kumbe huruma ilikuwa nzito kuliko ukali!

Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba mtoto naye ana haki ya kuelezwa mashtaka yake, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi, na kutolazimishwa kujishtaki mwenyewe. Katika miaka ya 1990, kwa hofu ya uhalifu, majimbo mengi yaliwafungulia vijana zaidi mlango wa mahakama za watu wazima. Lakini mwaka 2005 Mahakama Kuu ilikataza mtu yeyote kuuawa kwa kosa alilotenda kabla ya kutimiza miaka 18.

Basi twapata fundisho gani? Katika kusikilizwa, mtoto apewe haki zote apewazo mtu mzima. Katika kuadhibiwa, akumbukwe kuwa ni mtoto. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo umri ulioandikwa katika sheria hautoshi, iwapo mtoto aliyesimama kizimbani hana wa kumsemea.