Glutamati na Gaba: Wajumbe Wawili wa Ubongo

Katika mwaka 1866 mwanakemia wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ritthausen alichukua ule ulimbo wa unga wa ngano, ushikamanao na vidole mtu akandapo unga, akauchemsha katika asidi kali, akapata ndani yake asidi ya amino ambayo haikujulikana kabla yake. Asidi hiyo twaiita leo glutamati. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo aliipata katika mwani, akaonyesha kwamba ndiyo iutiayo mchuzi utamu wake. Basi kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kitu cha jikoni, wala hapana aliyedhani kwamba yaweza kuwa mjumbe wa ubongo.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya mjumbe. Seli mbili za neva, pale zinapopashana habari kwa njia ya kemikali, hazigusani. Kati yake pana upenyo mwembamba mno, hata penyo 50,000 kama huo zikipangwa pamoja hutimiza milimita moja tu. Seli ya kwanza humwaga kemikali, nayo huvuka na kuisisimua seli ya pili au kuituliza. Lakini kengele ya shule ikilia mchana kutwa, nani atajua saa ya kuingia darasani? Hapana budi kemikali ile iondolewe mara, ili ujumbe mwingine upate nafasi.

Hans Krebs, tabibu aliyefukuzwa kazini Ujerumani mwaka 1933 kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alikimbilia Cambridge. Mwaka 1935 alitangaza kwamba vipande vya ubongo vyaweza kuunganisha glutamati na amonia na kufanya kitu kingine, glutamini. Mwaka 1949 yeye na wenziwe wakaona tena kwamba vipande hivyo huifyonza glutamati kutoka katika maji yaliyovizunguka na kuilimbikiza. Jibu la swali la kengele lilikuwa tayari mezani, ila swali lenyewe lilikuwa halijaulizwa.

Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Eugene Roberts na Jorge Awapara, walikuta katika ubongo asidi nyingine, gaba, ambayo hutengenezwa kwa kuiondolea glutamati hewa ya kaboni. Ni ajabu kwamba badiliko dogo namna hii humgeuza msisimuzi kuwa mtulizaji. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya ambacho hakiwezi kitu bila vitamini B6. Miaka hiyohiyo, huko Marekani, watoto wachanga walionyweshwa maziwa fulani ya kopo walianza kushikwa na degedege. Wazazi walishangaa, maana watoto walikuwa wamekula na kushiba. Ikaja kufahamika kwamba moto wa kiwandani ulikuwa umeiharibu vitamini B6 iliyokuwamo. Walipopewa vitamini hiyo, degedege ilikoma. Ubongo uliokosa gaba ya kutosha ulikuwa umekosa breki.

Mambo ya glutamati yalikwenda polepole zaidi. Katika mwaka 1959 David Curtis, John Phillis na Jeffrey Watkins, waliokuwa Canberra, Australia, waliidondosha karibu na seli za uti wa mgongo, nazo zikasisimka kwa nguvu. Hata hivyo wenyewe walisita kuiita mjumbe. Walijua kwamba asetilikolini, mjumbe aliyekwisha kujulikana, huvunjwa papo hapo na kimeng'enya maalumu. Kwa glutamati hawakuona kimeng'enya cha kufanya kazi hiyo upesi. Mimi siwalaumu. Walipima jambo jipya kwa kipimo pekee walichokuwa nacho.

Kipimo kipya kilitoka kwa Julius Axelrod wa Marekani, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alionyesha kwamba noradrenalini haingoji kuvunjwa, bali neva yenyewe huirudisha ndani. Kwa kazi yake alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970. Mwaka 1968 Leslie Iversen na Michael Neal waliona kwamba ubongo wa panya huichukua gaba vivyo hivyo. Mwaka 1979 ikathibitika kwamba kimeng'enya kifanyacho glutamini kimo katika seli zenye umbo la nyota zizizungukazo neva. Hapo mambo yakaungana. Seli za nyota huifyonza glutamati iliyomwagwa, huigeuza kuwa glutamini isiyosisimua, kisha huirudishia neva, nayo huifanya glutamati tena.

Kufyonza huko kuna gharama. Kwa kila punje moja ya glutamati iingiayo, huingia pia punje tatu za sodiamu na moja ya haidrojeni, na moja ya potasiamu hutoka. Kisha seli hutumia nguvu nyingi kuzirudisha chumvi hizo mahali pake. Ndiyo maana mtu apatwapo na kiharusi, damu ikakatika, kazi ya kufyonza hushindwa. Glutamati hujaa katika penyo na kuzisisimua seli hata zikafa, pamoja na nyingine ambazo zingeweza kupona.

Kwa upande wa gaba, matabibu waliutumia ujuzi huu kinyume. Tiagabini, dawa ya kifafa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, huziba mlango wa kuifyonzea gaba, ili mtulizaji huyo akawie kidogo zaidi katika upenyo.