London hadi Johannesburg: Muda Huamuliwa Ardhini

Umbali wa anga kati ya London na Johannesburg ni kilomita 9,000 na ushei, na leo ndege huumaliza kwa takriban saa 11. Ni rahisi kuamini kwamba muda huo ni zao la umbali na kasi tu. Historia ya njia hii inakataa. Kilichorefusha au kufupisha safari, mara nyingi zaidi, ni mahali ndege ilipolazimika kutua na anga ambayo ilinyimwa.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilifikisha abiria kutoka London hadi Cape Town, kwa kupitia Johannesburg, kwa siku 11 hivi. Tupige hesabu. Ndege za wakati ule zilikwenda kama kilomita 160 kwa saa. Njia nzima ilikaribia kilomita 13,000. Hizo ni saa 80 na kidogo, yaani siku tatu na nusu za kuwa angani. Siku zilizobaki ziliishia chini: kwenye treni ya kuvuka Ulaya, katika kubadilisha ndege, kujaza mafuta, na kulala hotelini, kwa kuwa usiku safari ilisimama. Juba, Port Bell, Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya: miji yetu ilikuwa ngazi za njia hiyo.

Atakayepinga atataja jeti, na ana haki. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la Uingereza la BOAC ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti duniani, London hadi Johannesburg, ikatumia karibu saa 24. Lakini Comet ilikuwa na kasi ya kilomita 700 na zaidi kwa saa. Ndege za leo zinaizidi kwa robo hivi, ilhali muda umepungua kwa zaidi ya nusu. Tofauti kubwa iko Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ambako Comet ilitua kwa sababu matangi yake hayakutosha. Ufundi umefanya kazi kubwa, nakubali, ila zaidi kwa kuondoa vituo.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote hauhusu ufundi kabisa. Mwaka 1963, baada ya mkutano wa Addis Ababa ulioanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), nchi nyingi huru za bara hili ziliifungia anga South African Airways kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ndege za Waingereza ziliendelea kupitia Nairobi; zile za makaburu, za jeti vilevile, zikalazimika kuzunguka magharibi mwa bara juu ya Atlantiki, zikijaza mafuta njiani, baadaye katika kisiwa cha Sal, Cape Verde. Zilirefushiwa safari kwa saa kadhaa kila mara, na marufuku hayo hayakulegezwa hadi ubaguzi wenyewe ulipoanza kubomolewa, mwanzoni mwa miaka ya 1990.