Asumbi: Mshahara na Jina la Ubatizo

Kuna wanaosema dini iachwe kwenye mlango wa ofisi. Sisi tuliotoka Homa Bay tunacheka kidogo, maana kwetu ajira yenyewe iliingilia mlango wa kanisa.

Chukua Asumbi, kule Rangwe. Wamisionari wa Mill Hill walifika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na misheni ikazaa shule, kisha chuo cha walimu. Kwa Kidholuo Wakristo wa mwanzo waliitwa josomo, yaani wasomaji. Ukisoma utabatizwa, ukibatizwa utapata jina jipya, na ukija kuwa mwalimu wa misheni hilo ndilo utakaloitwa kazini. Jina la babu, ulilopewa ili asisahaulike, lasogea nyuma. Tena mwalimu huyo alitakiwa awe mfano kwa waumini. Akioa mke wa pili, hakukosa komunyo tu, kazi nayo ilikuwa hatarini. Hebu fikiria bosi anayejua dhambi zako zote!

Ndiyo maana mimi nausoma mwaka 1963 kama habari ya kazi pia, si uhuru peke yake. Mwaka huo vuguvugu la Legio Maria lilivuma Nyanza Kusini, likiongozwa na Simeo Ondetto na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na watoto. Aoko akabatiza, akaongoza misa, kazi ambayo Kanisa Katoliki halimpi mwanamke. Hakuna askofu aliyemwajiri, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumfuta.

Serikali ilifuata. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliundwa 1967, mwalimu akawa na mwajiri mwingine, kanisa likabaki mfadhili wa shule. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu hawezi kunyimwa ajira kwa sababu ya imani yake. Safi kabisa, kwenye karatasi.

Mwenzangu mmoja wa Legio huvaa kanzu yake Jumapili, lakini siku za kazi rozari anaificha ndani ya shati. Hakuna aliyemkataza. Eti wateja watamuona mshamba.

Kadi yangu ya kazi ina jina la ubatizo kwa ukamilifu, la babu herufi moja. Mwezi ujao zinachapishwa upya. Fomu nimeshajaza: majina yote mawili, la babu likitangulia.