Mwisho wa Njia ni Mwisho wa Mfuko

Mwingereza akisema jambo limefika mwisho wa njia, ana maana halina pa kwenda tena: biashara imekufa, ndoa imevunjika, utawala umekwisha. Kwa msemo huo mwisho huonekana kuwa kazi ya maumbile, wala hakuna wa kuulizwa. Historia ya usafiri katika nchi ya Wanyaturu, mkoani Singida, inaukanusha. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo Kigoma huitwa mwisho wa reli. Huko angalau Ziwa Tanganyika liliikinga njia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni, kupitia Singida, hadi Kinyangiri, ambako hakukuwa na ziwa la kulizuia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 tawi hilo lilikuwa limekwisha kung'olewa. Ardhi ilikuwa ileile. Aliyebadili nia ni mwenye reli.

Atakayepinga atasema nchi hii ni kame, watu wake walima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, hivyo treni ingebeba nini? Hoja hiyo ina uzito. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya mradi kuanguka. Hata hivyo, ukame ungekuwa ndio hakimu, Singida isingeona reli tena. Serikali huru ilijenga upya njia ya Manyoni hadi Singida, na mvua haikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni hesabu: mkoloni alipima mzigo wa kusafirisha nje, serikali ikapima pia haja ya kuunganisha mkoa na nchi.

Upande wa barabara, Issuna, iliyo kati ya Manyoni na Singida, inaliweka jambo hili wazi zaidi. Barabara ya lami ya Manyoni hadi Singida iligawanywa vipande viwili vya ujenzi, kilomita 54 kutoka Manyoni hadi Issuna na 63 kutoka Issuna hadi Singida. Katika makaratasi ya ujenzi, Issuna ilikuwa mwisho mara mbili. Kwa dereva wa lori haikuwa mwisho hata mara moja. Basi wananchi wakiambiwa huduma imefika mwisho, swali la kwanza si iliishia wapi, bali ni nani aliyefunga mfuko.