Mashine za Profesa Farish na mchoro unaopimika

Profesa William Farish wa Chuo Kikuu cha Cambridge hakupenda kufundisha viwanda kwa maneno matupu. Tangu miaka ya 1790 alikuwa akiwaeleza wanafunzi wake jinsi madini yanavyochimbwa, nyuzi zinavyosokotwa na mvuke unavyosukuma pistoni, na kila mara alitaka mashine yenyewe iwepo mezani: ndogo, lakini inayozunguka kweli. Kuunda modeli ya kila mashine ya Uingereza ya wakati ule kungekula fedha nyingi na kujaza jengo zima. Kwa hiyo akatengenezesha vipuri vinavyooana, yaani magurudumu ya meno, ekseli, fremu na vibanio, ambavyo leo vingeungwa kuwa mashine hii na kesho vifumuliwe viwe mashine nyingine.

Mzigo ukawaangukia wasaidizi wake. Wao ndio waliotakiwa kuunga vipuri kabla ya kipindi, na walihitaji mchoro wa kuwaongoza. Vitabu vya historia humpa profesa sifa zote, na anazistahili. Hata hivyo, kwa maoni yangu mchoro wa isometriki umezaliwa na haja ya wasaidizi wale: watu wenye vipuri mikononi na saa ikiwakimbiza.

Michoro iliyokuwepo haikuwafaa. Ule wa mtazamo, ambao kanuni zake Leon Battista Alberti alizieleza huko Italia mwaka 1435, huonyesha vitu kama jicho linavyoviona. Cha mbali hupungua, na mistari iliyo sambamba huelekea kukutana. Unapendeza, lakini huwezi kuwekea rula juu yake ukapata urefu wa ekseli. Njia ya pili ilitoka Ufaransa, ambako Gaspard Monge, akiwa katika shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières, alijenga elimu ya kuchora kitu kwa picha zinazotazamwa kutoka pande tofauti. Elimu hiyo ililindwa kwanza kama siri ya jeshi. Humo kila kipimo kimo, ila msomaji hulazimika kuziunganisha picha hizo kichwani mwake mpaka zifanye kitu kimoja, na ustadi huo hauji kwa siku moja.

Mwaka 1820 Farish alisoma makala mbele ya Cambridge Philosophical Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa mwaka mmoja tu nyuma. Ilichapishwa mwaka 1822. Alichoeleza, yaani mchoro wa isometriki, kinaweza kufuatwa na yeyote. Chukua mchemraba, usimamishe juu ya kona moja, kisha uutazame kutoka juu kabisa, moja kwa moja kuelekea kona iliyo mkabala na hiyo. Nyuso tatu zitaonekana kwa kiasi kilekile. Kingo tatu zinazotoka kwenye kona ya katikati zitaachana kwa nyuzi 120, na zote zitafupika kwa kiwango kimoja, takriban asilimia 82 ya urefu wa kweli. Kwa kuwa ufupisho ni uleule, skeli moja inatosha kwa urefu, upana na kimo. Duara hugeuka duaradufu ambayo urefu wake ni mara 1.73 ya upana wake, na umbo hilo ni moja kwenye nyuso zote tatu. Kwa mtu mwenye magurudumu mengi ya kuchora, huo ni unafuu mkubwa. Mwanafunzi wa ufundi hapa kwetu anayeegemeza seti skwea kwenye rula T ili apate mstari wa nyuzi 30 anafuata kanuni hiyohiyo.

Mistari sambamba isiyokutana haikuwa jambo geni. Wachoraji wa China waliitumia karne nyingi kabla yake, na mwaka 1564 Girolamo Maggi na Jacopo Castriotto, katika kitabu chao cha ngome, walishatetea michoro ya namna hiyo, maana mwanajeshi anahitaji vipimo kuliko uzuri wa picha. Farish alileta kipimo kimoja kwa pande zote tatu, pamoja na utaratibu ambao mfanyakazi angeufuata bila kuwa msanii.

Aliyeutoa mchoro huo darasani na kuushusha chini ya ardhi ni Thomas Sopwith, mwana wa fundi samani wa Newcastle aliyekuja kuwa mpimaji wa migodi. Kazi yake ilimpeleka kwenye machimbo ya risasi ya Alston. Ramani ya kawaida ya mgodi ina kasoro kubwa: njia mbili zilizo kwenye vina tofauti hulaliana kwenye karatasi, na anayeisoma anaweza kudhani zinakutana. Mgodini, kudhani hivyo ni hatari. Katika kitabu chake cha mwaka 1834, Sopwith alionyesha kwamba isometriki huweka njia, shimo la wima na mkanda wa madini kwenye picha moja, na kina kikapimwa kwa rula ileile.

Wajerumani wakaongeza hesabu. Mwaka 1844 Julius Weisbach, mwalimu wa chuo cha migodi cha Freiberg, alieleza michoro ambayo mihimili yake haifupiki sawa, na isometriki ikawa tawi moja tu la aksonometriki, yaani jamii nzima ya michoro ya namna hiyo.

Kuna kilichopotea pia. Mchoro usiopunguza vitu vya mbali hausemi kipi kiko karibu. Mwaka 1934 Oscar Reutersvärd, kijana wa Sweden aliyekuwa bado mwanafunzi, alipanga michemraba tisa ikafanya pembetatu ambayo hakuna fundi awezaye kuijenga, ingawa kila kona yake, ukiitazama peke yake, ni sahihi.

Viwandani upungufu huo umezibwa kwa maandishi. Mchoro wa isometriki wa bomba la mafuta au maji kwa kawaida hauchorwi kwa skeli. Urefu wa kila kipande huandikwa kwa tarakimu kando ya mstari wake, na mistari yenyewe humwonyesha mchomeleaji bomba linapopanda, linapokata kona na vali inapokaa.