Meza ya Padova

Anatomia ilifundishwa katika Chuo Kikuu cha Padova, Italia, kama ilivyofundishwa kwingine Ulaya: kwa kitabu. Profesa aliketi juu akisoma maandishi ya Galeno, tabibu wa karne ya 2, na chini yake kinyozi aliyejua kupasua akakata maiti. Yaliyosomwa yakipingana na yaliyoonekana mezani, kilichoaminiwa ni kitabu.

Mwaka 1537 kazi ya kufundisha upasuaji alipewa Andreas Vesalius wa Brussels, kijana ambaye hata miaka 23 hakuwa ameitimiza. Alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Miaka miwili baadaye hakimu wa mji aliagiza apewe miili ya wahalifu walionyongwa, akaweza kulinganisha mwili na mwili. Ndipo ilipodhihirika kwamba Galeno alikuwa amepasua wanyama, nyani wakiwemo, kisha akaandika kana kwamba ni watu: taya la chini la binadamu, kwa mfano, ni mfupa mmoja wala si miwili. Matokeo ya Vesalius yalichapishwa Basel mwaka 1543, yakiwa na michoro ya ustadi mkubwa. Wenye miili hiyo hawakuulizwa ridhaa yao, na deni hilo la elimu ya anatomia halifai kupitwa kimya.

Mwaka 1595 Padova ilikuwa na ukumbi wa kudumu wa kupasulia maiti, uliojengwa wakati wa profesa wa anatomia Hieronymus Fabricius. Ulikuwa na safu sita za mbao zenye umbo la yai, zikipanda kuizunguka meza moja kama faneli. Wanafunzi walisimama wamebanana, wakiinama kutazama kwa mwanga wa mishumaa, tena majira ya baridi, kwa kuwa joto lingeozesha mwili upesi.

Fabricius aliwaonyesha vali zilizomo ndani ya vena. William Harvey, Mwingereza aliyehitimu hapo mwaka 1602, alizitafakari vali hizo, na mwaka 1628 akaeleza kwamba damu huzunguka mwilini. Lakini damu ilitokaje kwenye ateri ikaingia kwenye vena? Harvey hakuweza kuiona njia hiyo, kwani jicho tupu lilikuwa limefika mwisho wake. Aliyeiona ni Marcello Malpighi wa Bologna, mwaka 1661, katika pafu la chura lililowekwa chini ya hadubini: mishipa myembamba mno, kapilari.

Miaka minne baadaye Robert Hooke, huko London, aliona vijumba vitupu katika gome la mti, akavipa jina lililozaa neno seli. Hata hivyo ilingojewa hadi 1838 na 1839 ndipo Matthias Schleiden na Theodor Schwann walipofundisha kwamba mimea na wanyama wote wameumbwa kwa seli.

Utafutaji wa chanzo cha maradhi nao ulifuata njia hiyo ya kutoka kikubwa kwenda kidogo. Giovanni Battista Morgagni, profesa wa Padova, alikionyesha katika viungo mwaka 1761. Rudolf Virchow wa Berlin alikipeleka hadi ndani ya seli mwaka 1858. Ukumbi wa Fabricius ulitumika kwa masomo hadi 1872, na mbao zake zingali zimesimama.