Maziwa Hayatoshi: Mama wa Songea na Mwanawe

Kila tarehe 27 Februari, wenyeji wa Songea hukusanyika penye makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kumbukumbu hizo humtaja Mkomanile, mwanamke pekee miongoni mwa wanaume. Lakini kitanzi kiliua wachache. Njaa ndiyo iliyofyeka. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, likateketeza maghala na mazao yaliyokuwa bado mashambani, hata nchi ya Wangoni na jirani zao ikakosa mbegu. Serikali ya kikoloni ilikubali vifo 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 300,000, na wengi wa hao waliuawa na njaa.

Historia za vita aghalabu huwapita wanyonyao na wanaonyonyesha. Hata hivyo, mtoto mchanga katika njaa ile alikuwa na akiba moja ambayo askari hakuweza kuichoma. Mwili wa mama mwenye njaa huendelea kutoa maziwa kwa kujila wenyewe: hutoa mafuta yake, nyama yake na hata chokaa ya mifupa yake. Maziwa hupungua sana pale tu njaa inapokuwa kali na kuendelea kwa muda mrefu. Jambo hili lina uzito kupita vita vyenyewe, kwa kuwa lalamiko linalosikika zaidi kwa mzazi wa siku chache, Songea kama Unguja, ni hilo hilo: "Maziwa hayatoshi."

Mara nyingi yanatosha. Titi halifanani na mtungi unaojazwa na kumiminwa. Linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto akinyonya mara nyingi, usiku na mchana, mwili hupata habari ya kutengeneza zaidi. Asiponyonya, hupata habari ya kuacha. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini maziwa yamepungua hana budi kuuliza kwanza mama alikuwa wapi mchana kutwa, na nani alikuwa na mtoto.

Kwa Songea jawabu la swali hilo limo katika historia ya kazi. Chini ya Waingereza, wilaya hiyo ya mbali ikawa nchi ya kutoa watu. Wanaume walifunga safari kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakakaa huko miezi mingi, pengine miaka. Philip Gulliver aliuchunguza uhamaji huo wa Wangoni na Wandendeuli, na kitabu chake kikachapishwa Kampala mwaka 1955. Aliyebaki nyuma alibaki na jembe. Mvua za kusini zinaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo mahindi hayamsubiri mzazi amalize arobaini yake. Mtoto aliachwa kwa bibi au kwa dada yake wa miaka minane, na kilio chake kikatulizwa kwa uji mwepesi. Mama alirudi jioni matiti yamejaa, yamekuwa magumu, yanauma. Mtoto naye, tumbo limejaa maji ya uji, akanyonya kidogo na kulala. Baada ya wiki kadhaa maziwa yalipungua kweli, uji ukaongezwa, na maji yake yakaleta kuhara. Hapo ndipo lawama zilipoanza.

Msomaji wa visiwani analijua vyema neno kubemenda. Imani kwamba tendo la ndoa, au mimba nyingine, humharibu mtoto anayenyonya imeenea Pwani na Bara, na si ya kudharauliwa. Ilimpa mwanamke haki ya kukataa, na ikawapanga watoto wasifuatane mno. Cicely Williams, daktari aliyeeleza utapiamlo wa kwashakoo huko Gold Coast mwaka 1933, alilipata jina hilo kwa Waga, ambao walikuwa wamekwisha kutambua kwamba ugonjwa humpata mtoto aliyeondolewa kifuani kwa ajili ya mdogo wake. Walichokiona wazee kilikuwa kweli. Sababu ndiyo waliyoikosea. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu. Kinachomdhuru mtoto ni kuachishwa ghafla na kupewa chakula duni. Lakini imani hii inamtwisha mama peke yake mzigo: mtoto akihara, huulizwa alilala na nani, kisha huamriwa aache kunyonyesha, na mgonjwa hunyimwa dawa yake.

Wabenediktini waliofika Peramiho, kilomita chache magharibi ya mji, mwaka 1898, walijenga misheni na baadaye hospitali kubwa. Huko, kama katika wodi nyingi za wazazi, kazi ya kwanza ya mkunga ilikuwa, na bado ni, kumzuia bibi asiikamue na kuimwaga dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, akidhani ni machafu. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, naye hahitaji maji ya sukari kuyasubiri "maziwa meupe". Matatizo mengine yana tiba nyepesi kuliko hofu yake. Chuchu hupasuka kwa sababu mtoto ameshika ncha tu. Afunguliwe kinywa kwa upana, aingize na sehemu nyeusi inayoizunguka, kidevu kiguse titi. Titi lililojaa likakaza hukamuliwa kidogo kwanza ili mtoto aweze kulishika. Likiwa jekundu na homa ikapanda, mama aende kituo cha afya, lakini asiache kunyonyesha. Maziwa yakilala humo ndipo jipu linapotunga.

Kisha ukaja Ukimwi, na wataalamu wenyewe wakayumba. Mwaka 2011-12 upimaji ulionesha asilimia 7.0 ya watu wazima wa Ruvuma wana virusi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mama mwenye virusi alishauriwa achague: maziwa ya kopo, au kunyonyesha na kuacha mapema. Kopo lilihitaji fedha, kuni na maji safi, na jirani aliyeliona alijua habari yote. Botswana, iliyogawa kopo bure, ilishuhudia mapema mwaka 2006, baada ya mafuriko, watoto wengi wasionyonya wakifa kwa kuhara. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likageuza ushauri: mama anywe dawa, na anyonyeshe.

Ruvuma hulisha mikoa mingine kwa mahindi yake. Hata hivyo uchunguzi wa 2015-16 ulikuta asilimia 44 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2022 ikawa karibu asilimia 36. Ghala limejaa, na aliyelijaza hakuwa na nafasi ya kukaa na mwanawe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na baada yake hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Karani wa mjini Songea anaweza kuzidai kwa mwajiri wake. Mkulima wa Peramiho, asiye na mwajiri, humfunga mtoto mgongoni, humlaza chini ya mti ukingoni mwa shamba, na afikapo mwisho wa tuta huweka jembe chini, akanyonyesha.